Nyama ngumu, nyeusi au inayochuja maji: ni dawa ya kunenepesha au ni kitu kingine?

Mteja akirudisha nyama buchani siku hizi, lawama ya kwanza ni ileile: huyu ng'ombe alichomwa dawa. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa limefanyika kati ya lori na ndoano, na ng'ombe hakuonja dawa yoyote. Ukikosea kutambua chanzo, utamwacha mnenepeshaji mzuri, au utahama machinjio wakati shida iko zizini. Hapa tunaanzia kwenye kile unachokiona mezani au kwenye sufuria, kisha tunarudi nyuma hatua kwa hatua.

Tenganisha mambo mawili kabla ya yote. Kuna dawa kubadilisha nyama yenyewe: ulaini, rangi, mafuta, maji. Halafu kuna mabaki ya dawa, ambayo jicho, pua wala ulimi haviwezi kuyatambua. Nyama laini yenye rangi ya kupendeza inaweza kuwa na mabaki kupita kiwango, na nyama ngumu kama kamba ikawa safi kabisa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kushika kisu

Ni ng'ombe wangapi? Akiwa mmoja tu katika kundi, chunguza mnyama huyo: umri, ugonjwa, ugomvi ndani ya lori. Wakiwa wote wa mnenepeshaji mmoja, hata wale waliochinjwa siku tofauti na machinjio tofauti, shida iko kwenye lishe au dawa. Wakiwa wote wa siku moja lakini wametoka kwa watu mbalimbali, kakague machinjio na chumba baridi.

Ni mnofu upi? Ugumu wa mkono na shingo ni wa kawaida. Ugumu kwenye mnofu mrefu wa mgongoni, ule unaokatwa steki, ndio unaotaka maelezo.

Na je, alipewa nini, lini mara ya mwisho, kiasi gani? Jibu la "dawa ya kunenepesha" si jibu. Dai jina la kiambato lililoandikwa kwenye chupa. Chupa isiyo na jina la kiambato, namba ya toleo na muda wa kusubiri kabla ya kuchinja isiingie zizini kwako.

Dawa zinazohusika

Kuna beta-agonisti (zilpateroli, raktopamini, klenbuteroli), zinazochanganywa kwenye chakula majuma ya mwisho ili mwili upunguze kuweka mafuta na uongeze mnofu. Kuna homoni (estradioli, trenboloni, zeranoli na nyinginezo), ambazo hupandikizwa kama vidonge vidogo chini ya ngozi ya sikio. Kuna steroidi za aina ya deksamethasoni, ambayo ni dawa halali ya tiba lakini watu huitumia vibaya ili mnyama ale sana na aonekane amejaa. Mwisho ni antibayotiki kama oksitetrasaiklini. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na Marekani ikazuia zile muhimu kwa tiba ya binadamu zisitumike kukuzia kuanzia Januari 2017. Huku kwetu, antibayotiki ndizo za kushukiwa kabla ya nyingine zote, kwa sababu zinauzwa kila mahali na mfugaji hujichomea mwenyewe.

Dalili: nyama ni ngumu hata baada ya kupikwa vizuri

Hii ndiyo dalili yenye sababu nyingi kuliko zote, na ndiyo inayohukumiwa haraka kuliko zote.

Anza na saa. Nyama iliyochinjwa alfajiri na kuuzwa saa nne asubuhi iko njiani kukakamaa, na ukakamavu huo hufikia kilele ndani ya siku ya kwanza. Steki ya nyama hiyo itakuwa ngumu hata kama ng'ombe alilelewa kwa maziwa na asali. Jaribu hivi: kata vipande viwili vya unene wa sentimita 2.5 kutoka mgongo uleule. Kimoja kipike leo. Kingine kifunge kwenye mfuko usio na hewa, kiweke kwenye nyuzijoto 0 hadi 2 kwa siku 14, kisha ukipike kwa njia ileile mpaka joto la katikati lifike nyuzi 71. Kipande cha pili kikiwa laini waziwazi, tatizo lako lilikuwa haraka ya kuuza.

Kisha kagua ubaridi. Mnofu ukishuka chini ya nyuzijoto 10 kabla ya saa 10 kupita tangu kuchinjwa, hasa kwa mnyama mwembamba au mbuzi, nyuzi za misuli husinyaa na kukaza, na hazilegei tena kirahisi. Hapa ndipo wengi wenye vyumba baridi vipya hujikwaa: wanajivunia kupoza haraka, na kumbe ndiko kunakoharibu. Ukiona robo za nje, zilizo karibu na feni, zina nyama ngumu kuliko zile za katikati, umepata jibu bila kumgusa mfugaji.

Umri na aina ya ng'ombe vina nafasi yao. Ugumu wa uzee unatokana na kano na tishu za kuunganisha misuli, nao hulegea ukichemsha polepole kwenye maji. Ugumu wa nyuzi za msuli wenyewe haulegei hivyo: nyama hukatika vipande vikavu mdomoni lakini kila kipande bado kinagoma. Zebu wetu, yaani ng'ombe wa nundu, kwa asili yao wana kiwango kikubwa cha kalpastatini, protini inayozuia kalpaini, na kalpaini ndicho kimeng'enya kinacholainisha nyama baada ya kuchinja. Ndiyo maana nyama ya zebu huhitaji kukomazwa, yaani kuwekwa kwenye baridi ili ilainike, siku nyingi zaidi.

Sasa dawa. Beta-agonisti hufanya kazi kupitia njia hiyohiyo: huongeza kalpastatini na kupunguza uvunjwaji wa protini msulini. Mnofu unanenepa kwa sababu hauvunjwi mnyama akiwa hai, na kwa sababu hiyohiyo haulainiki vizuri akishachinjwa. Faida ya mfugaji na hasara ya mlaji zina chanzo kimoja, na hakuna ujanja wa jikoni unaovitenganisha. Zilpateroli ndiyo kali zaidi kati ya zile zilizoruhusiwa kwa ng'ombe: hulishwa siku 20 hadi 40 za mwisho na inaweza kuongeza karibu kilo 15 za nyama kwa ng'ombe mmoja. Mnyama aliyekuwa akiila hutambulika kwa mpangilio huu: paja na mgongo vimejaa isivyo kawaida, mafuta ya juu ni membamba, madoa ya mafuta ndani ya mnofu ni machache, rangi imefifia kidogo, na steki ni ngumu. Dalili hizo zikikutana kwa kundi zima la mtu mmoja, shaka yako ina msingi. Ikiwa ni ugumu peke yake, bado huna kitu.

Nyama ya namna hiyo hulainika ikikomazwa, ila inaanzia nyuma. Ipe siku 21 badala ya 14, na steki usiipitishe kiwango cha katikati cha kuiva, maana haina mafuta ya kuiokoa na ukavu.

Homoni za sikioni nazo hupunguza ulaini na mafuta ya ndani, kwa kiasi kidogo kuliko zilpateroli, na zaidi pale mnyama anapopandikizwa mara kwa mara kwa vidonge vikali. Australia hawalibishii jambo hili: mfumo wao wa kupanga nyama kwa ulaini, MSA, humtaka mfugaji atamke kama ng'ombe alipewa homoni, na alama hupunguzwa kwa kila mnofu kadiri unavyoathirika. Dalili nyingine ni ya mfupa. Estrojeni huharakisha kukomaa kwa mifupa, kwa hiyo gegedu za kwenye ncha za pingili za mgongo zinageuka mfupa mapema. Meno yakisema miaka miwili na mgongo ukisema minne, uliza habari za homoni.

Ukikagua mnyama hai, pitisha kidole gumba nyuma ya sikio, theluthi ya katikati. Vidonge hujipanga mstari mmoja chini ya ngozi, kama shanga ndogo ngumu zilizotungwa kwenye uzi. Sikio lilichaguliwa kwa sababu machinjio ya nchi zinazotumia vidonge hivyo hulitupa. Kwetu kichwa kinauzwa kwa supu, kwa hiyo ukikuta shanga hizo, kata masikio yote mawili kutoka shinani na uyafukie au uyachome. Usimpe mbwa.

Dalili: nyama nyeusi, kavu, inanata mkononi

Nyama ya kawaida hushuka kutoka pH 7 hadi karibu 5.5 ndani ya saa 24 (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka), kwa sababu glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa msulini, hugeuka asidi ya laktiki. Mnyama akifika kisuni sukari hiyo imekwisha, asidi haipatikani, pH inabaki juu, nyama inakuwa nyeusi na inashikilia maji yake.

Pima hivi. Saa 24 baada ya kuchinja, kata mnofu wa mgongo kati ya ubavu wa 12 na wa 13, ingiza ncha ya kipima pH sentimita 2 hivi ndani, soma mara mbili sehemu tofauti. Sahihisha kipima kwa maji ya pH 4 na pH 7 kabla ya kuanza, na ufute mafuta kwenye ncha kila baada ya kipimo, la sivyo namba zitakudanganya. Chini ya 5.7 ni nzuri. Ikifika 6.0 au zaidi, hii ndiyo nyama nyeusi yenyewe.

Sababu kubwa ni safari. Ng'ombe aliyetembezwa hadi mnadani, akasimama siku nzima juani, akapandishwa lori la usiku na kuchanganywa na mafahali asiowajua, ameshatumia sukari yake yote kabla ya kisu. Na ng'ombe hairudishi upesi: kulala usiku mmoja zizini kwa machinjio, tena bila chakula, hakumsaidii. Anahitaji siku kadhaa za kula na kutulia.

Dawa huingia kwa mlango huohuo. Beta-agonisti huuamsha mwili kama vile adrenalini inavyouamsha, hivyo akiba ya glaikojeni ni ndogo tangu mwanzo na safari fupi tu inaimaliza. Homoni kali zilizopandikizwa karibu sana na siku ya kuchinja nazo huongeza idadi ya ng'ombe wenye nyama nyeusi. Kwa nguruwe waliolishwa raktopamini, angalia wakati wa kushusha: wanachoka haraka, wanahema, wengine wanakaa chini na kukataa kuinuka. Kwa ng'ombe, mwendo ndio unaosema. Agosti 2013 kampuni ya Tyson ya Marekani ilitangaza kwamba haitapokea tena ng'ombe waliolishwa Zilmax, jina la biashara la zilpateroli, kwa sababu ya wanyama waliofika machinjioni wakiwa na shida ya kutembea. Mwezi huohuo Merck, watengenezaji wake, wakasimamisha mauzo Marekani na Kanada.

Kutofautisha: linganisha makundi mawili yaliyosafiri njia moja kwa muda mmoja. Weusi ukiwa kwenye kundi moja tu, rudi zizini kwa kundi hilo.

Nyama yenye pH ya juu usiiweke kwenye mifuko isiyo na hewa kwa ajili ya kukomaza. Bakteria hawana sukari ya kula, wanakwenda moja kwa moja kwenye protini, na utafungua mfuko wa kijani wenye harufu ya yai viza. Iuze mapema, kwa mchuzi au kusaga, huku ikiwa baridi.

Dalili: maji yanachuruzika, nyama inapungua sufuriani

Pima kwanza, usikisie. Ninginiza kipande cha gramu 100 kwa uzi ndani ya mfuko, kisiguse pembeni, kwenye nyuzijoto 4 kwa saa 24. Kipime tena. Kikipoteza gramu 1 hadi 3 ni kawaida. Zaidi ya 5 ni tatizo. Sufuriani, nyama ya ng'ombe kupoteza robo hadi theluthi ya uzito wake si ajabu, kwa hiyo mteja anayesema "kilo imekuwa robo tatu" huenda hana kesi.

Maji yakiwa juu tu na ndani mnofu ni mkavu, nyama imemwagiwa maji. Kama ni nguruwe, na nyama ni nyeupe na laini kama iliyochemshwa nusu, pima pH dakika 45 baada ya kuchinja: ikiwa chini ya 6.0, mnyama alifadhaishwa dakika za mwisho au ana urithi wa kufadhaika haraka.

Deksamethasoni huleta picha nyingine. Mnyama hai anaonekana amejaa, lakini ukibonyeza ngozi kwa kidole kishimo kinabaki. Baada ya kuchuna, kati ya misuli kuna ute wa maji kama uji mwepesi. Tahadhari hapa: minyoo mingi, ndorobo na njaa ya muda mrefu huleta uvimbe wa maji vilevile. Fungua mfuko wa moyo. Mafuta yanayouzunguka yakiwa yamegeuka jeli inayotikisika, mnyama alikuwa mgonjwa au ameshinda njaa, na huyo ni wa mkaguzi wa nyama kuamua, si wako. Kwa ndama, tazama tezi ya thaimasi shingoni na kifuani: inapaswa kuwa nono na nyeupe. Ikiwa imenywea na kujaa mafuta ilhali ndama ana afya na amekula vizuri, steroidi ni mshukiwa wa kweli.

Ubaya mwingine wa deksamethasoni ni kwamba inashusha kinga ya mwili na kuficha homa. Mnyama anaingia machinjioni akionekana mzima, akiwa na maambukizi ndani.

Dalili: kovu, usaha au doa la njano ndani ya paja

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Ni sindano. Dawa nzito za mafuta zilizochomwa pajani huacha kovu gumu jeupe, na ugumu huenea sentimita kadhaa kuzunguka kovu lenyewe, kwa hiyo kukata kovu peke yake hakutoshi. Doa la njano ni la oksitetrasaiklini iliyobaki. Hilo usilikate na kuuza kilichobaki: ni ishara kwamba sindano ilikuwa ya karibuni, na mabaki yako juu kabisa palepale ilipochomwa.

Marekebisho yako kwa anayechoma. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20 hutolewa ml 1 kwa kila kilo 10. Ng'ombe wa kilo 300 anapata ml 30, na hizo zigawanywe sehemu tatu za ml 10, zote shingoni, ambako nyama yake ni ya bei ndogo. Muda wa kusubiri kwa zile za kudumu mwilini mara nyingi ni siku 28, lakini fuata lebo ya chupa uliyonayo, na uhesabu kuanzia sindano ya mwisho. Ukizidisha dozi au ukimimina zote mahali pamoja, hesabu ya lebo haikuhusu tena: dawa inakaa kama bonge na kutoka polepole.

Kuna kipimo cha haraka ambacho wengi hawakifahamu. Chukua tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, kata ubavu wa mnyama mdogo ukiwa mbichi, ingia gizani. Mfupa wa kawaida hung'aa weupe wa kibuluu. Mfupa ulioshika tetrasaiklini una mistari au mabaka ya njano ya dhahabu, kwa sababu dawa hiyo hushikamana na kalisi. Usiishie hapo kuhukumu: njano inakaa mfupani muda mrefu, na inathibitisha tu kwamba mnyama aliwahi kupewa.

Wanaotengeneza soseji za kuchachusha wana kipimo chao bila kukusudia. Kama chachu ni nzima, joto ni sahihi, sukari imewekwa, na pH inagoma kushuka, shuku antibayotiki kwenye nyama.

Dalili: walaji wanatetemeka, moyo unakimbia

Nusu saa hadi saa 6 baada ya kula, hasa ini: mikono inatetemeka, mapigo ya moyo yanapanda, kichwa na misuli vinauma, mtu ana wasiwasi asioujua chanzo chake. Hakuna kuharisha kwingi kama kwenye sumu ya bakteria. Hiyo ni picha ya klenbuteroli. Uhispania mwaka 1990 watu 135 waliugua hivyo kwa ini la ng'ombe. Mexico mwaka 2011, wakati wa Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, sampuli 109 kati ya 208 za mkojo wa wachezaji zilikutwa na dawa hiyo, iliyotokana na nyama waliyokula.

Kuchemsha hakuiharibu. Mpeleke mgonjwa hospitali upesi, hasa mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito, na umwambie daktari alikula nini. Ini lililobaki lote liondolewe sokoni. Gramu 200 zigandishwe kwa ajili ya maabara.

Kupeleka sampuli

Vipimo vya kuzuia bakteria, vile vya kichupa kinachobadilika rangi baada ya saa chache kwenye nyuzijoto 64, hugundua antibayotiki tu. Jibu safi hapo halisemi chochote kuhusu homoni wala beta-agonisti. Hizo zinahitaji ELISA, kipimo cha maabara cha kuchuja sampuli za kushukiwa, kisha mashine ya kromatografia ya kuthibitisha. Kwa hiyo iambie maabara unashuku kundi gani la dawa, la sivyo utalipia kipimo kisichokuhusu. Tanzania ulizia kwa daktari wa mifugo wa wilaya au TVLA, Wakala ya Maabara ya Veterinari.

Kwa antibayotiki peleka figo, ini, gramu 200 za mnofu na sehemu ya sindano ikiwepo. Viwango vya Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, vya oksitetrasaiklini kwa ng'ombe ni maikrogramu 200 kwa kilo ya mnofu, 600 kwa ini na 1,200 kwa figo, kwa hiyo figo hukuonyesha mapema, ila mnofu ndio unaomhusu mteja. Kwa klenbuteroli, jicho zima ndilo sampuli bora: dawa hujikusanya kwenye retina na kubaki humo baada ya kuisha nyamani. Kiwango cha Codex cha mnofu ni maikrogramu 0.2 tu kwa kilo.

Kila sampuli mfuko wake, kisu kioshwe kati ya sampuli, lebo ya penseli iwekwe ndani ya mfuko wa pili: namba ya mnyama, mnofu, tarehe na saa ya kuchinja, jina la aliyekata. Gandisha siku hiyohiyo na usafirishe kwenye barafu. Nusu ya kila sampuli ibaki kwenye friza yako, imefungwa na kusainiwa na wewe na muuzaji, mpaka majibu yarudi.